Imla ya Watu Wazima

Meneja aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza aliisoma harakaharaka, mara ya pili neno kwa neno, na kila akimaliza sentensi aliinua macho kuwatazama wafanyakazi wake saba waliojipanga nyuma ya kaunta ya huduma kwa wateja. Ilikuwa Jumatatu, milango bado haijafunguliwa.

"'Ndugu zangu, tusidanganyane. Mtumiaji wa kawaida hataki kamera tatu. Anataka chaji ikae, anataka sauti isikike, anataka tochi iwake kwa kitufe kimoja. Tochi ya hii simu mpya unaitafuta mpaka kunakucha. Na msiniambie haina matatizo. Nendeni kwenye kaunta yao ya huduma asubui mkaone wakwe walivyojaa. Wiki iliyopita peke yake wamefika sitini na mbili.'"

Akailaza karatasi aliyoichapisha kutoka mtandaoni juu ya kaunta na kuinyoosha kwa kiganja.

"Watu elfu nane wamelaiki," alisema. "Makao makuu wamenipigia kabla sijapiga mswaki. Mimi nina swali dogo tu. Huyu anayejiita Mtumiaji wa Kawaida, neno wakwe kalitoa wapi?"

Mlinzi alijikuna shingo. Mashine ya namba za foleni ililia mara moja bila kuguswa na mtu, na wawili wakashtuka.

Swali lilikuwa dogo kweli, lakini lilikuwa na meno. Neno lile lilizaliwa chumba cha nyuma cha jengo lile lile, mwaka juzi. Fundi wa simu, mzee mfupi wanayemwita Bisibisi, alipokea simu iliyorudi mara ya tatu kwa tatizo lile lile, akaigeuzageuza, akasema, "Huyu keshakuwa mkwe sasa. Humfukuzi, humkemei, unamwekea kiti." Wote walicheka mpaka machozi, na tangu hapo simu yoyote iliyorudi mara ya tatu ikaitwa mkwe. Mbele ya mteja lilikuwa haramu kutamkwa. Kwa hiyo aliyeliandika mtandaoni ama alikuwa mmoja wa wale saba, ama mmoja wa wale saba alikuwa na mdomo mrefu nyumbani.

Mpokezi, mwanamke wa miwani aliyesimama wa tatu kutoka kushoto, alikuwa ameshajua tangu "Ndugu zangu, tusidanganyane." Mwanamume aliyekuwa akisema hivyo alikuwa akilala naye kitanda kimoja kwa miaka kumi na mmoja. Alisema hivyo akipima mtu kiuno, alisema hivyo akitaka chumvi. Mpokezi alishika ukingo wa kaunta, akamwomba Mungu uso wake usiwe unasema chochote.

"Kila mmoja wenu alisaini fomu ya siri za kampuni," Meneja aliendelea. "Ijumaa saa sita nitakuwa na jina. Mwenye jina hilo anatoka siku hiyo hiyo. Na nikilikosa, barua za ajira ya kudumu za mwezi huu nazifungia kabatini. Zote."

Barua zilikuwa mbili, na ya kwanza ilikuwa ya mpokezi. Miaka mitatu alikuwa kibarua wa mkataba, akipokea simu za watu na matusi ya watu kwa tabasamu lile lile. Barua ya kudumu ilikuja na bima ya matibabu, na bima ilimgusa mama mkwe wake, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemla jicho la kulia na sasa alikuwa anahamia la kushoto. Daktari alishampa tarehe ya upasuaji. Tarehe hiyo ilisimama juu ya barua ile na si juu ya kitu kingine chochote.

* * *

Alipofika nyumbani jioni, mume wake mshonaji alikuwa ameinama kwenye cherehani pale sebuleni, ambako ndiko kiwandani kwake. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Jicho moja lilikuwa kwenye mshono, la pili kwenye kundi la Simu na Watumiaji, lenye watu elfu arobaini, ambamo kazi yake kubwa ilikuwa kubishana na kijana mmoja anayejiita Profesa wa Simu. Profesa alipelekewa simu na makampuni azisifie. Mshonaji hakupelekewa hata chaja. Kama ubishi ungelipa, familia ile ingekuwa na ghorofa.

"Mke wangu, njoo uone," alisema bila kugeuka. "Profesa leo kakosa la kujibu. Nimemfunga mdomo."

"Meneja kaisoma."

"Kasoma nini?"

"Hiyo ya wakwe. Kaisoma mbele yetu, mara mbili."

Na hapa sitamficha mtu: mshonaji alitabasamu. Mguu ukaacha kukanyaga, akageuka mwili mzima.

"Meneja mwenyewe? Na ya tochi je, alisemaje?"

Mpokezi alikaa kwenye kiti cha wateja, juu ya sare za shule zilizosubiri pindo, mkoba ukiwa bado begani. Akamweleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo tabasamu la mume lilivyoondoka, hadi usoni mwake pakabaki mdomo wazi tu.

"Mimi nilidhani ni neno letu," alisema. "La humu ndani."

Na hakuwa anadanganya. Katika nyumba ile bomba lililowashinda mafundi watatu lilikuwa mkwe. Gauni lililorudishwa mara ya tatu na mteja yule yule lilikuwa mkwe. Walilisema kwa kunong'ona, kwa sababu mama mkwe mwenyewe alikaa barazani, na tangu macho yake yapungue masikio yalikuwa yamefanywa mapya. Mke ndiye aliyelileta neno kutoka kazini, akalitua pamoja na mkoba, na mume hakuwahi kuuliza lilipotoka.

"Na zile sitini na mbili?"

"Uliniambia Jumamosi tukila. Sikujua ni siri. Uliniambia huku unacheka."

"Nilikuambia wewe. Sikukuambia utangaze."

"Nifute?"

"Futa."

Akafuta. Wakakaa wanatazama kioo cha simu kama watu waliozima jiko wakisubiri kujua limezimika kweli au bado. Hazikupita dakika kumi. Profesa wa Simu alibandika picha ya maneno yale yale, aliyoyapiga mapema, na chini yake akaandika: *Mtumiaji wa Kawaida kafuta. Mtumiaji wa kawaida anaogopa nini? Huyu ni mtu wa ndani, na tutamjua.*

Komenti zikaanza kumiminika. Mmoja alisema wafanyakazi wa kampuni ile ni wezi. Mwingine akasema yeye ana shemeji yake anayefanya usafi pale, atauliza. Wa tatu aliandika: *Nahisi ni yule dada wa miwani pale mapokezi. Ana sura ya kujua mambo.*

Mpokezi alivua miwani. Hakujua kama ameivua mpaka herufi zilipofifia.

"Nani amesema wakwe wamejaa?" sauti ya mama mkwe ilitoka barazani.

"Si wewe, mama," mshonaji alijibu.

"Najua si mimi. Mimi niko mmoja."

Siku nyingine wangecheka wiki nzima. Mpokezi alisimama, akafunga dirisha la upande wa barabara, akaangalia kama komeo limeingia sawasawa.

* * *

Jumanne alikwenda kazini bila miwani, akaandika namba tatu za simu kimakosa, na mteja mmoja akamwuliza mbele ya watu kama amesoma. Jumatano asubuhi wateja waliukuta mlango umefungwa na kibao kimening'inizwa: *Tuko kwenye mafunzo.*

Ndani, Meneja alikuwa anagawa karatasi na kalamu.

"Tunaandika imla," alisema.

Msichana wa kaunta ya malipo alicheka, akadhani ni mzaha. Meneja alimtazama mpaka akakaa.

Meneja alikuwa amegundua kitu, na ugunduzi ule ulikuwa umempandisha kichwa. Alitembea huku na huku, mikono nyuma, kwa madaha yote. Katika yale maandishi, neno asubuhi lilikuwa halina *h*. Mtu aliyezoea kukosea neno, alifikiri, atalikosea tena. Akaanza kusoma polepole kwenye daftari lake.

"Wateja wetu hufika mapema asubuhi. Nukta. Tunawahudumia kwa furaha. Nukta. Kila asubuhi ni nafasi mpya. Nukta."

Watu wazima saba, wenye watoto shuleni, waliinama wakaandika. Mlinzi alitoa ulimi nje kwa bidii. Msichana wa malipo alifunika karatasi yake kwa mkono asichunguliwe. Walioona aibu walizidi kuinama, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba jambo lile lilikuwa la kijinga.

Mpokezi alijua kuandika. Shuleni alikuwa wa kwanza kwa insha. Lakini kalamu ilipofika kwenye neno lile ilisimama. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiona vikaratasi vya mume wake vilivyobandikwa kwenye nguo za wateja, *njoo kesho asubui*, akimtania, akimwambia nenda kanunue *h* sokoni. Sasa hofu ilimchanganya, hakuwa na uhakika tena ni yupi kati yao aliyekuwa sahihi. Aliandika *h*, akaikolezea mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Meneja alizikusanya na kuzipitia akiwa amesimama. Wawili walikosea. Wa kwanza alikuwa mlinzi, ambaye simu yake ilikuwa ya vibonye na haikujua mtandao ni nini. Wa pili alikuwa Bisibisi.

"Mzee," Meneja alisema kwa upole wa kuogopesha, "hata neno lenyewe ni lako. Wote wanajua ni lako."

Bisibisi aliitazama karatasi yake.

"Nimeandika hivi tangu shule," alisema. "Mwalimu alishanichapa sana kwa hilo."

"Kwa hiyo unakubali."

"Nakubali sijui kuandika asubuhi."

Mtu mmoja alicheka puani. Meneja alisema Ijumaa saa sita Bisibisi atakabidhi meza yake. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu.

Mpokezi alifungua mdomo. Naomba aandikiwe hilo, kwamba aliufungua. Halafu akaliona jicho la kushoto la mama mkwe wake likiwa na utando kama wa maziwa, akaona tarehe ya daktari kwenye kalenda ya jikoni, akaufunga. Mlango wa mbele ulifunguliwa, wateja wakaingia, na yeye akasema, "Karibu, nikusaidie nini?"

* * *

Alimwambia mume wake Alhamisi jioni, Jumatano hakuweza. Mshonaji alisikiliza mpaka mwisho, sindano ikiwa mdomoni, kisha akaitoa na kushusha pumzi ndefu.

"Basi yamekwisha," alisema.

"Yamekwisha kwa nani?"

Alikuwa ameiona ile pumzi. Na mume alijua kuwa ameiona, ndiyo maana alikimbilia maneno.

"Sikufurahi, mke wangu. Nasema tu... Nitakwenda mwenyewe. Kesho naenda namwambia Meneja ni mimi."

"Atakuuliza neno ulilipata wapi. Utamwambia nini, kwa muuza mkaa?"

"Nitasema nilisikia nikiwa kwenye foleni."

"Foleni ipi? Hatulisemi mbele ya mteja. Na atakuuliza una uhusiano gani na mimi, maana fomu yangu ina jina lako na namba yako. Unaona? Kila mlango unaofungua wewe, nyuma yake nimesimama mimi."

Simu pale kwenye kopo la vifungo iliwaka, Profesa kamwita tena. Mkono wa mshonaji uliondoka magotini, ukasogea. Ukasogea kabisa kuelekea simu. Mpokezi aliutazama mkono ule, na kitu alichokuwa amekibana tangu Jumatatu kikatoka.

"Umewasemea watu elfu arobaini wanataka nini," alisema. "Chaji, sauti, tochi. Unajua mtu gani anataka kitufe gani. Mimi je? Umewahi kuniuliza ninataka nini? Nataka kwenda kazini bila kuogopa. Nataka barua ile. Nataka mama aone. Basi, hayo tu. Na sasa nikiyapata nitayapata juu ya mgongo wa mzee wa watu, na ni wewe umenifikisha hapo, na ni mimi pia, kwa mdomo wangu huu."

Mkono ulirudi magotini.

"Nisamehe," alisema.

"Nakusamehe. Haisaidii."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ukipapasa fremu. Hawakujua amefika pale saa ngapi.

"Huyo mzee ana watoto?" aliuliza.

"Mama, nenda ukakae, tunazungumza tu."

"Nimeuliza ana watoto?"

"Ana wajukuu anaowalea," mpokezi alijibu.

Mama mkwe alitikisa kichwa polepole. "Mimi macho nayataka, mwanangu. Usije ukadhani siyataki. Nataka nikuone ulivyonenepa, maana nasikia kiti kinavyolia." Akapumzika kidogo. "Lakini msiniweke mbele. Mkitaka kunyamaza, nyamazeni kwa sababu mnaogopa. Msiseme ni kwa ajili yangu."

Akageuka, akapapasa ukuta kurudi barazani. Mpokezi hakulala sana.

* * *

Ijumaa saa tano na nusu Meneja alimwita, akampa fomu na kalamu. Mfanyakazi akiondoka, alisema, lazima mwenzake mmoja athibitishe kwamba hakubeba mali ya kampuni. "Wewe una mwandiko mzuri."

Chumba cha nyuma kilinuka risasi ya kuchomelea. Bisibisi alikuwa ametandika kitambaa mezani na kupanga vifaa vyake, vya kwake upande huu, vya kampuni upande ule, bila kukosea hata kimoja. Alikuwa amevaa suruali ya kijivu iliyonyooshwa, kama mtu anayekwenda kwenye usaili badala ya kutoka.

"Tuanze," alisema. "Bisibisi ndogo, nne. Zangu."

Mpokezi aliandika.

"Kibano, kimoja. Changu. Lenzi ya jicho, yangu, hii alininunulia binti yangu."

Aliandika. Ule mwandiko mzuri haukuonekana popote.

"Suruali hii kaishona mumeo," Bisibisi alisema kwa sauti ile ile ya kutaja vifaa. "Mwezi wa pili. Nilikaa pale kwake nusu saa nzima na futi kiunoni ananihutubia habari za tochi. Tochi, tochi. Nikamwambia mimi ni fundi wa simu, usinieleze. Akaendelea, eti ndugu zangu tusidanganyane."

Kalamu ilisimama.

"Ulijua," mpokezi alisema.

"Tangu Jumatatu. Meneja hajafika kwenye kamera tatu, mimi nimeshajua."

"Mbona hukusema, baba?"

Bisibisi alichukua kitambaa kidogo, akafuta lenzi ambayo haikuwa chafu.

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe," alisema. "Nikasema leo atasema. Jumanne nikasema labda kesho. Kwenye imla nilikuona umefungua mdomo, nikasema sasa." Akaifunga lenzi ndani ya kitambaa. "Sikulaumu. Una mgonjwa, najua. Ila nilisubiri. Koleo ndogo, moja. Yangu."

Mpokezi aliandika *koleo ndogo, moja*. Upande wa pili wa ukuta alisikia namba za foleni zikiitwa, arobaini na tatu, kaunta ya kwanza. Ile ilikuwa kaunta yake. Akaweka kalamu juu ya fomu, akachukua fomu, akatoka nayo. Ukumbi ulikuwa hatua kumi na mbili, na katika kila hatua alikuwa na sababu ya kurudi. Aligonga mlango wa Meneja kabla sababu hazijamshinda.

"Umemaliza kukagua?" Meneja aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bado."

Akafunga mlango nyuma yake.

"Mtumiaji wa Kawaida ni mume wangu. Neno nililipeleka nyumbani mimi, na hesabu nilimwambia mimi. Mzee hahusiki."

Sasa Meneja aliinua kichwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha mpokezi zaidi. Alimtazama kama anayepiga hesabu.

"Hiyo imla yangu, basi..." alisema, hakumalizia. Masikio yalikuwa yamemwiva. Alivuta kiti karibu na meza, akainama mbele. "Na fundi? Alikuwa anajua ni mumeo, akanyamaza? Maana kama alijua akaficha, hilo nalo ni kosa. Hilo nalo ni la kutoka."

Mpokezi hakuwa amelitegemea swali hilo. Aliiona suruali ya kijivu, akaona jinsi jibu la kweli lilivyokuwa limekaa ulimini, tayari, kwa sababu alikuja pale kusema kweli.

"Hakujua kitu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu sauti yake haikutetemeka.

Meneja alinyoosha mkono. Mpokezi akampa fomu ya Bisibisi. Meneja akaichana vipande viwili, akavitupa kapuni, kisha akavuta droo na kuanza kutafuta nyingine iliyo tupu.